Mshauri wa Wanafunzi Chuoni au Mshauri wa Vyuo Shuleni: Uchague Ipi?

Mwezi wa saba alinipigia simu binti mmoja aliyewahi kufanya field ofisini kwetu. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, kisha akaja kwenye lake: "Dada, nimepata barua mbili. Moja ya chuo kikuu cha umma, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Nyingine ya shule binafsi ya mtaala wa kimataifa wa IB, wanataka mtu wa kuongoza ushauri wa vyuo na ustawi wa wanafunzi. Niende wapi?"

Nikamwomba wiki moja. Nimekaa miaka tisa katika kazi ya aina ya kwanza na sita katika ya pili, na bado sikuwa na jibu la papo kwa papo. Ukisoma matangazo yake unaona maneno yaleyale: kushauri, kulea, kuratibu, kushirikiana na wazazi. Ukishaingia ndani unagundua kwamba yanayofanana ni hayo maneno tu. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo kwa ajili ya wengine waliosimama njia panda hiyohiyo.

Unafanya nini hasa

Chuoni, Mshauri wa Wanafunzi ndiye yule ambaye wanafunzi humwita "dini", kutoka neno la Kiingereza "dean", mpaka mgeni akisikia mtu anasema "naenda kwa dini" anadhani anakwenda kusali. Chini yake kuna walezi wa mabweni, washauri nasaha, maafisa wa mikopo, michezo, bima ya afya, wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na kile kiti cha moto kiitwacho serikali ya wanafunzi. Juu yake yupo Naibu Makamu Mkuu wa Chuo. Kuna vyuo vinavyoiita ofisi hiyo kurugenzi ya huduma za wanafunzi, lakini kazi haibadiliki: kila jambo la mwanafunzi lisilo la darasani linakuja kwako, na mengi ya darasani yanakuja pia yakishaharibika.

Shuleni unavaa kofia mbili. Ya kwanza ni kuwapeleka vijana wa mwaka wa mwisho vyuoni: kuchagua vyuo, kuandika barua za mapendekezo, kutuma matokeo, kutafuta ufadhili, kuwatayarisha kwa viza. Ya pili ni ustawi wao: msongo, ugomvi, msiba, mtoto aliyeacha kula. Tangazo linaziandika kofia hizi kana kwamba zina uzito sawa. Haziko hivyo. Kuanzia Agosti, kofia ya kwanza inameza ile ya pili, na hilo nitalirudia huko mbele maana ndilo lililonifanya niandike.

Wangapi watakuwa wako

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kilipangwa tangu mwanzo kufikia wanafunzi 40,000. Si kila chuo ni Dodoma, lakini chukua chuo cha wanafunzi 6,000 chenye washauri nasaha wanne, na hapo umekipendelea: kila mmoja ana watu 1,500. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Mtajie kiwango hicho mlezi wa bweni wa chuo chochote cha umma, atacheka mpaka atoe machozi.

Darasa la mwisho la shule za IB huku kwetu mara nyingi halizidi wanafunzi mia moja, na mengi hayafiki nusu ya hapo. Utawajua kwa majina, utawajua mama zao, utajua nani analelewa na bibi na nani baba yake yuko Muscat na anapiga simu Ijumaa.

Tofauti hii si ya uchovu peke yake. Katika miaka yangu tisa chuoni, waliofika ofisini ni wenye kelele na walioletwa. Walioumia kimya niliwajua kwenye faili la kuahirisha masomo, na wengine sikuwajua mpaka ndugu zao walipofika kukusanya vitu. Kama wewe ni mtu ambaye jambo la namna hiyo litakukalia kifuani miaka kumi, lijue kabla hujasaini. Shuleni hutamkosa mtoto. Kule tatizo ni kwamba utamjua mno.

Mwaka wa chuo

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, dirisha la udahili linafunguliwa, na tangu mwaka 2017 waombaji wanaomba chuoni moja kwa moja badala ya kupitia ule mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Bodi ya Mikopo, HESLB, hutoa majina kwa awamu. Basi ifikapo Oktoba au Novemba utampata kijana aliyesafiri siku nzima kutoka Kigoma, ana begi, ana barua ya udahili, na jina lake halimo katika awamu ya kwanza wala ya pili. Chuo kinasema bila malipo hakuna usajili. Bodi inasema subiri. Saa kumi na mbili jioni, yeye amekaa nje ya mlango wako, analala wapi? Katika mwongozo wa kazi hakuna mstari unaojibu swali hilo. Utapiga simu kwa mlezi wa bweni, mlezi atasema hakuna kitanda, mwisho utasikia wenzake wamembeba, analala mzungu wa nne, wawili kitanda kimoja, na mtu waliyejuana jana. Kisheria hairuhusiwi. Utajifanya hujaona.

Halafu bumu. Kwa asiyejua, ni ile posho ya chakula na malazi inayotoka Bodi, kwa sasa shilingi 10,000 kwa siku. Ikiingia ya siku 60 ni 600,000. Bumu likichelewa huhitaji kuambiwa. Foleni kwa mama ntilie inapungua, zahanati inapata wagonjwa wa vidonda vya tumbo, na lugha ya magrupu ya WhatsApp inabadilika. Kisha viongozi wa serikali ya wanafunzi wanakuja ofisini na heshima zote, wamevaa koti, wanakwambia "Mama, sisi tumewazuia, lakini hatuna uhakika na kesho." Hiyo sentensi uitafsiri vizuri. Wakati mwingine maana yake ni tusaidie, wakati mwingine maana yake ni kesho kuna mgomo na tumeshachapa mabango. Niliwahi kusimama getini kati ya gari la polisi na wanafunzi mia tatu hivi, mkononi nina kipaza sauti kilichokwisha betri. Waliondoka kwa sababu mvua ilinyesha. Kwenye taarifa ya robo mwaka ikaandikwa kwamba hali ilidhibitiwa.

Kundi ambalo halimo kwenye taarifa yoyote ni la waliodisco. Kijana ameondolewa masomoni mwaka wa pili, lakini nyumbani hajasema. Anapanga chumba mtaani, asubuhi anabeba begi na kutoka kama wenzake, na kijijini wanamhesabu yuko mwaka wa tatu. Siku mzee anapofika chuoni kuuliza tarehe ya mahafali ili akodi basi dogo la ndugu, anayemweleza ni wewe. Nimefanya hivyo mara nne. Sijapata namna nzuri ya kuanza.

Mwaka wa shule

Huku unatawaliwa na tarehe, na tarehe hazibembelezwi. Oktoba 15 ni mwisho wa maombi ya Oxford, Cambridge na udaktari wa Uingereza kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza. Novemba mosi na Novemba 15 ni maombi ya mapema ya Marekani. Januari mosi au siku za jirani ndipo maombi ya kawaida ya vyuo vingi vikubwa yanapofungwa, na Januari hiyohiyo UCAS wanafunga kozi nyingi zilizobaki. Mei mosi mtoto awe amejibu anakwenda wapi. Mwanzoni mwa Julai matokeo ya IB yanatoka, na wale waliopewa nafasi kwa masharti ya alama wanakupigia wanalia, wa furaha na wa huzuni kwa sauti ileile, usiweze kuwatofautisha mpaka dakika ya pili.

Kati ya Agosti na Januari usikubali kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtu yeyote. Mtoto mmoja anaweza kuomba vyuo 20 kwa Common App, ile fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vya Marekani, ambayo ina vyuo zaidi ya 1,000, na vitano kwa UCAS. Kila msimu kuna jipya. Walioomba Uingereza kwa kuingia mwaka 2026, kwa mfano, walikuta ile insha moja ndefu ya kujieleza imekatwa kuwa maswali matatu, na mifano yote niliyokuwa nimeihifadhi ikawa karatasi za kufungia vitumbua.

Kazi ngumu zaidi siyo insha lakini. Ni fedha, na kwa hiyo ni wazazi. Vyuo vingi vya Marekani, mgeni akiomba msaada wa ada, ombi hilo linaingia kwenye mizani na kumpunguzia nafasi. Visivyohesabu hilo kwa wageni ni vichache: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, halafu vikaongezeka vingine kama Dartmouth na Bowdoin. Vingi vinavyotoa msaada vinataka familia ijaze fomu iitwayo CSS Profile, inayouliza kipato, nyumba, madeni, akiba, magari. Imetungwa kwa mtu mwenye hati ya mshahara. Mletee mzee mwenye maduka Kariakoo, shamba Handeni na nyumba mbili anazoziita za watoto. Mmoja alinitazama kwa huruma ya kweli, akaniambia: "Madam, hata mke wangu hajui hayo. Nikaiambie kompyuta ya Marekani?"

Ukishavuka hapo kuna I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza, kuna ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na usaili wa viza unaokwisha kwa dakika chache dirishani. Na sera za viza zinaweza kubadilika usiku mmoja wakati mtoto ameshaagwa kanisani. Ndiyo maana kila mwanafunzi wangu anakuwa na chuo kimoja cha nyumbani au cha jirani kwenye orodha, hata baba yake akinuna. Kwa wanaotaka kusoma hapa nchini kwa cheti cha IB au Cambridge, anzeni mapema ulinganifu wa cheti NECTA. Usisubiri dirisha la udahili liwe limebaki siku tatu.

Sikio na kalamu

Hapa ndipo nilipotaka binti huyu akae muda mrefu, maana mengine yote mtu anayazoea. Kazi zote mbili zinakupa sikio na kalamu kwa mkupuo mmoja. Mtoto anakuambia siri, na baadaye ni wewe unayeandika karatasi itakayoamua maisha yake. Watu hawaombi ushauri kwa hakimu. Lakini ofisi hizi zimejengwa hivyo, na aliyezijenga hakuulizwa.

Chuoni, msichana anaingia anafunga mlango anasema mhadhiri fulani amemwambia alama zake ziko Sinza, aende kuzichukua. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja jambo hilo kuwa kosa. Kuna TAKUKURU, kuna dawati la jinsia. Yeye hataki lolote kati ya hayo. Anataka mtu amsikilize, na anataka kumaliza shahada. Mhadhiri yule utakaa naye kikao cha Alhamisi, mtapeana chumvi mezani. Kama umesomea ushauri nasaha umefundishwa kwamba siri ni ya mteja mpaka uhai uwe hatarini. Kama umeajiriwa na chuo umefundishwa kwamba taarifa ni ya mwajiri. Utaishi kati ya mafundisho hayo mawili, na wakati mwingine utakachoweza kufanya ni kumpangia mtu wa pili wa kusahihisha mtihani wake bila kueleza kwa nini.

Kisha ipo kamati ya nidhamu. Nilikuwa mjumbe kwa wadhifa. Mwaka mmoja alikuja mbele yetu kijana aliyepigana bwenini na kuvunja mlango. Miezi mitatu kabla yake alikuwa amekaa kwenye kiti changu akaniambia hawezi kulala bila kunywa, tangu kaka yake alipofariki. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Ningeongea, ningetoa siri bila ruhusa yake. Nilinyamaza, akasimamishwa mwaka mzima. Alirudi akamaliza, nikamwona siku ya mahafali kwa mbali, hakunisalimia. Mpaka leo sijui kama alijua kwamba nilinyamaza kwa ajili yake au alidhani nimemsahau.

Shuleni mambo ni yaleyale ila yamevaa suti. Mtoto anakueleza mwaka wa kwanza wa IB kwamba ameanza kujikata mikono. Unampeleka hospitali, anapata nafuu, alama zimeporomoka. Mwaka unaofuata wewe huyohuyo unaandika barua ya mapendekezo. Msomaji wa maombi kule Ohio anaona shimo kwenye matokeo, anataka maelezo. Ukieleza, umeandika ugonjwa wa mtoto kwenye faili la watu usiowajua. Usipoeleza, msomaji ataliziba shimo kwa uvivu. Na mtoto mwenyewe, kwenye Common App, kwa kawaida ameshaweka alama ya tiki kwamba anaachia haki yake ya kusoma ulichoandika, haki iliyotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1974, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Kwenye mambo ya nidhamu kuna nafuu kidogo: Common App iliacha kumuuliza mwombaji kama aliwahi kuadhibiwa shuleni kuanzia msimu wa 2021–2022. Ila chuo kimojakimoja bado kinaweza kuuliza kivyake.

Watoto si wajinga. Wakijua kwamba anayesikia ndiye anayeandika, wataanza kuleta huzuni zilizopigwa pasi, zile zinazopendeza kwenye insha. Za kweli watazipeleka kwa dereva wa basi la shule. Nimeona hivyo kwa macho yangu, na yule dereva alikuwa mshauri mzuri kuliko mimi.

Kwa hiyo niliporudi kusaini mkataba wa pili niliomba jambo moja liandikwe: atafutwe mtu mwingine wa ushauri wa binafsi, mwenye mlango wake na mafaili yake, na mimi nisiyaone isipokuwa mtoto ameruhusu. Mkuu wa shule alidhani natafuta mshahara kwa njia ya kuzunguka. Ilichukua miezi saba. Chuoni kitu kinacholingana na hicho ni kuomba ujitoe kwenye kamati kila anapoletwa mtu uliyewahi kumshauri, na ombi hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao kabla kesi yoyote haijatokea, si siku ya kesi.

Malipo, kwa kifupi

Umma: ngazi ya mshahara inajulikana, mafao yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, tangu mifuko ilipounganishwa 2018, benki inakukopesha kwa kuona hati ya mshahara tu, na ruhusa ya kwenda kusoma ipo ukivumilia foleni. Kupanda cheo kunasuasua. Kuna ubaya mmoja usioandikwa: ukiifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea, na sijaona mtu aliyepandishwa cheo kwa sababu ya jambo lisilotokea.

Binafsi: mkataba mara nyingi ni wa miaka miwili, NSSF, na fedha ya mkononi huenda ikawa nene zaidi. Uliza mambo mawili. Kwanza, punguzo la ada kwa mtoto wako, maana katika shule zinazotaja ada kwa dola hilo peke yake linaweza kuwa mshahara wa pili. Pili, kama kuna mizani mbili za mshahara, ya mgeni na ya mwenyeji. Kuna shule nilikaa meza moja na mwenzangu aliyetoka nje, cheti kimoja, kazi moja, na nyumba alipewa yeye. Ulizia mapema, kwa upole, usoni.

Na elewa utapimwa kwa nini. Shule inabandika nembo za vyuo ukutani kama kiwanda kinavyobandika bidhaa. Mtoto aliyekwenda chuo cha ualimu kwa sababu anapenda kufundisha hana nembo pale. Utajikuta unamsukuma mtoto kuelekea kwenye nembo, kidogokidogo, bila kuambiwa na mtu.

Jambo la pembeni: mawakala watakuja. Wana kadi nzuri na wanalipwa na vyuo vya nje kwa kila kichwa. Marekani yenyewe inakataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali ya shirikisho kulipa kamisheni ya namna hiyo, lakini sheria imewaacha nje wanafunzi wa kigeni walioko kwao. Ukipokea bahasha moja, kila ushauri utakaotoa baada yake una bei, na mji huu ni mdogo.

Umesomea nini

Hapa sitakawia. Chuoni wanataka shahada ya saikolojia, ushauri nasaha, ustawi wa jamii au elimu, na kwa kiti cha juu shahada ya umahiri. Shuleni wengi tuliingia tukiwa walimu wa darasani. Kinachotakiwa ni kuandika Kiingereza kinachosomeka, kujua mifumo, na kutoogopa baba za watu. Ya mifumo utajifunza kwenye mafunzo ya International ACAC, chama cha kimataifa cha washauri wa udahili wa vyuo, na kwenye ofisi za EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa ushauri wa vyuo vyake, ambazo ushauri wake wa msingi ni bure. Wapeleke hata watoto wasio wa shule yako.

Wenzetu wa Kenya wana mambo matatu ambayo yanabadilisha hesabu yao. Wana sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo usajili si hiari ya mtu. Marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya 2016 yaliwaondolea wanafunzi kura ya moja kwa moja ya viongozi wao, wakawekewa wajumbe wa kuchagua, na ofisi ya mkuu wa wanafunzi ikarithi lawama zake. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kuwa kinyume cha katiba. Kwa mshauri, hilo la mwisho ni kubwa kuliko nyongeza yoyote ya mshahara: mwanafunzi anaweza kusema "nilijaribu" bila wewe kufikiria kituo cha polisi. Kenya pia kuna njia ya tatu kati ya hizi mbili. KenSAP, iliyoanza 2004, huchukua vijana waliofaulu sana kutoka familia zisizo na uwezo na kuwaandaa kwa vyuo vya Marekani na Canada. Ni ushauri wa vyuo bila baba wa Kariakoo. Kama ningekuwa na miaka 28 ningegonga mlango wa aina hiyo kwanza.

Sasa, wewe

Ukiwa mtu wa kuamka saa nane usiku bila kununa, unayeweza kukaa na viongozi wa miaka 22 wanaokutishia kwa heshima, na ukaridhika kutatua tatizo la mtu ambaye hutamwona tena, nenda chuoni. Ukiwa na mkono wa kuandika, uvumilivu wa tarehe, na moyo wa kumwambia mzazi anayelipa ada kwamba mwanawe hatakwenda Harvard na hiyo siyo aibu, nenda shuleni. Ukienda chuoni kwa sababu ya pensheni peke yake, mgomo wa kwanza utakutoa. Ukienda shuleni kwa sababu ya viyoyozi, Novemba itakutoa.

Mimi ningependelea kijana aanze chuoni. Najua wenzangu wa shule za binafsi watanibishia. Lakini aliyeona njaa ya bumu lililochelewa huwa haandiki barua za mapendekezo zenye maneno matupu.

Nilimwomba binti afanye kitu kimoja kabla ya kujibu barua zote mbili: aende kila mahali, aangalie wanafunzi wanaosubiri kumwona mshauri wanakaa wapi. Shuleni alikuta kochi zuri la rangi ya machungwa, mbele ya ofisi ya mapokezi, kila mzazi anayeingia analiona. Chuoni akakuta benchi la mbao kwenye korido, limechakaa, limebanana na dirisha la mikopo. Akanipigia akicheka kwa uchungu, "Dada, hata faragha hakuna."

Nikamwambia atazame tena. Kwenye lile benchi hakuna awezaye kujua nani amekuja kulia na nani amekuja kuulizia bumu.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nguo za kuripotia ofisi ya umma siku hizi ni zipi.